Anayeitika Arobaini na Saba

Mradi wa Makazi, Ploti ya 47
Tarehe 9 Machi

Kwako binti yangu,

Pokea salamu kutoka kwa mtu ambaye, bila yeye, mradi huu wote ungekuwa umesharudi kuwa pori. Si yangu maneno hayo, ni ya Meneja. Juzi alipita hapa na pikipiki yake, akaizima, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akasema, "Mzee, watu kama wewe ndio nguzo." Nikamwambia asante kijana, endelea na kazi, nikiona unakosea nitakuita. Alicheka, lakini niliona ameelewa.

Sisi tuko salama, wa kuombewa ni wewe huko kwenye baridi. Mama yako mzima ila magoti, na chakula anakidonoa tu kama kuku mwenye kideri. Mimi nilishikwa na mafua, lakini yaliponiona vizuri yakatafuta mtu mwingine.

Kaka yangu, yaani baba yako, tulimsitiri kwa heshima zote. Hukuweza kuja, na hakuna anayekulaumu, aliyejaribu nilimjibu. Nilihutubia kaburini. Watu walilia mpaka wachimbaji wakaniomba nipunguze, eti machozi yanawalowesha udongo.

Sasa habari za ardhi, maana najua ndiyo inayokunyima usingizi. Unajua serikali ilivyotuma lori, mkashushwa hapa na vyungu vyenu wewe ukiwa tumboni, baba yako akapewa nyumba ya vyumba viwili, shamba la nyuma, na barua ya kugawiwa. Hati miliki wakasema inafuata. Kaka akaingoja mpaka ameingia ardhini na hati bado inafuata. Nadhani inakuja kwa miguu, tena ina tatizo la magoti kama shemeji yangu.

Na desturi ya hapa unaijua. Mtu haitwi kwa jina. Ofisi iliwaita kwa namba tangu siku ya lori, na wenyewe wakazoea. Baba yako ni Arobaini na Saba, mama yako Mama Arobaini na Saba, majirani ni Arobaini na Nane, na yule mlevi wa mwisho kabisa, karibu na korongo, ni Tisini. Mtu anakufa, namba inabaki.

Basi Jumatatu kulikuwa na mkutano. Mkaguzi, yule kijana mwembamba anayetembelea ploti kila msimu kuona nani analima na nani amelala, akasimama akawa anaita namba. Alipofika kwetu akaita, "Arobaini na Saba." Akangoja. Mama yako yuko nyuma kwa wanawake, amejiziba mdomo kwa mtandio. Mkaguzi akaita tena. Watu wakaanza kutazamana. Binti yangu, uliona wapi namba ya kaka yangu iitwe kama mbuzi aliyepotea? Nikasimama. Nikakohoa kwanza, maana mtu mzima haanzi kusema bila kukohoa. Nikasema, "Naam. Arobaini na Saba nipo."

Bati la ukumbi liliitikia pamoja nami.

Mkaguzi akanipima kutoka kichwani mpaka kwenye malapa. "Wewe ndiye mwenye ploti?"

Nikamwambia, "Kwani unamwona mwingine?"

Ukumbi ukacheka, naye akaandika. Tangu siku hiyo nikipita njiani ni "Arobaini na Saba, shikamoo," hata watoto. Kwa hiyo lala usingizi. Mambo yako yameshikwa na mkono usiotetemeka.

Mimi baba yako mdogo, ambaye angekuwa mkubwa kama asingechelewa kuzaliwa.


Tarehe 2 Aprili

Baba mdogo, shikamoo.

Natumaini mafua yamekwisha na hayajarudi na ndugu zake. Mimi mzima. Bado niko kwenye chumba cha kufulia cha hospitali. Mashuka yanashuka kwa bomba kutoka ghorofani, sisi tunayapokea, tunayachambua, tunayapitisha kwenye mashine ya kunyoosha. Mvuke unaingia hadi kwenye mifupa. Nikitoka nje, baridi inanikuta nimelowa. Barua hii naiandika juu ya meza ya kukunjia, mwenzangu ananificha kwa furushi la taulo msimamizi asinione.

Nimesoma barua yako. Pale pa mkutano nimepasoma tena na tena. Baba mdogo, kwa nini wewe uliitika, na mama alikuwepo?

Huyu mwenzangu anayenificha, kwao pia kuna mradi kama wetu. Ameniambia ploti ya mradi hairithiwi kama shamba la ukoo. Hati isipotoka, ardhi bado ni ya mradi, aliyepewa ni mgawiwa tu. Mgawiwa akifa, wanataka mrithi mmoja, si watatu wala wawili, na awe anakaa pale pale na kulima. Hairuhusiwi kuuza, hairuhusiwi kupangisha. Wakikuta mtu mwingine ndiye anayejiita mwenyewe, wanasema marehemu aliuza kwa siri, wanaichukua. Kwao walichukua.

Kwa hiyo nakuomba, nenda na mama mahakamani mfungue mirathi, yeye awe msimamizi. Kisha mwende ofisini aandikwe yeye. Mimi siwezi kuja. Mkataba wangu unasema nikiondoka kabla haujaisha sirudi, na nisiporudi sijui mama atapata wapi hata dawa ya hayo magoti.

Na wakiita tena namba yetu, nakuomba kama mwanao, kaa chini. Mwache mama aitike.

Nisalimie mama. Umsomee barua yote, usiruke.

Mwanao.


Ploti ya 47
Tarehe 20 Mei

Kwa binti yangu mwenye wasiwasi,

Marahaba, na nyongeza. Ukiona nimechelewa kujibu ujue ni kazi zako zilizonichelewesha. Afya yangu imara. Mama yako mguu wa kulia umevimba kidogo, tunaukanda kwa maji ya moto, anasema sina mkono wa kukanda, nina mkono wa kupiga chapa ng'ombe.

Tumekwenda mahakamani. Hakimu aliposikia nimefika alisimamisha kesi ya mwizi wa ng'ombe katikati, akauliza, "Huyo mzee amekuja kwa amani?" Wakamwambia ndiyo. Akaendelea.

Sisi tukakaa kwenye benchi la nje mpaka jua likahamia upande wetu. Akatoka karani mmoja, miwani yake imefungwa kwa uzi.

"Marehemu ameacha nini?"

Nikasema ploti.

"Hati iko wapi?"

"Inakuja."

"Ikija, na nyinyi mje. Mahakama haiwezi kugawa kitu ambacho si cha marehemu. Kwa sasa hiyo ardhi ni ya mradi."

Alisema kwa upole, ndiyo maana sikumfanya kitu. Kesho yake tukaenda kwa Meneja. Yule aliyesema mimi ni nguzo. Safari hii hakunishika mkono, alikuwa anakula karanga. Akasema, "Mzee, hati siwezi kumtolea mtu aliyekufa. Niletee barua ya mahakama inayosema mrithi ni nani, nami nitashughulikia hati kwa jina lake."

Nikamwambia, mahakama inataka hati kwanza.

Akasema, "Huo ndio utaratibu wao. Na sisi tuna wetu."

Tukarudi kwa karani. Tukarudi kwa Meneja. Kondakta wa basi akafikia kutuuliza tumeajiriwa wapi, mbona hatukosi zamu. Mama yako akaniambia njiani, "Shemeji, hawa wanatuchezea kama mpira wa matambara." Nikamwambia mpira wenyewe uko miguuni kwangu. Akatazama nje ya dirisha mpaka tukafika.

Mara ya mwisho mama yako aliingia ofisini mwenyewe na mguu wake. Akamwambia Meneja, "Mimi ndiye mkewe. Niandike mimi." Meneja akafungua kabati, akapekua, akasema kwenye ugawaji jina la mke halikuandikwa. Enzi zile waliandika kichwa cha kaya peke yake.

Mama yako akamuuliza, "Na hicho kichwa kilikuwa kinalishwa na mikono ya nani?"

Meneja akamenya karanga nyingine. Nakuapia binti yangu, hakuila. Aliishika tu.

Kuna jambo dogo karibu nilisahau. Mkaguzi amepita, amegongomea karatasi mlangoni. Kamati ya mradi inatuita tueleze kwa nini Ploti 47 inakaliwa na mtu asiye mgawiwa. Ni la kueleza tu, na kueleza ndiyo kazi niliyozaliwa nayo. Nilisoma darasa la nne la zamani, ambalo kwa sasa ni chuo kikuu.

Usilie juu ya mashuka ya watu.

Baba yako mdogo.


Tarehe 14 Juni

Baba mdogo, shikamoo.

Nitafupisha salamu, unisamehe. Mzima, ila silali.

Jambo dogo ulilokaribia kusahau ndilo jambo lenyewe.

Nimepata barua nyingine kutoka huko. Mama alimwendea Mama Arobaini na Nane, akamwomba binti yake amwandikie. Maneno yenyewe ni machache, nayanakili yalivyo: "Mwanangu, baba yako mdogo anatembea na namba ya baba yako kama kofia. Mimi sina ugomvi naye, ananichotea maji. Lakini wakimwita anaitika, na kila anapoitika mimi naogopa."

Nitakuuliza mara moja na sitarudia. Unaitaka ploti? Kama unaitaka niambie, nijue nalia kwa nani. Baba alikupokea mara ngapi ulipokuja na begi lako, akakuambia kaa? Hakuna siku mama alikuuliza utaondoka lini. Na sasa wanasema baba aliuza kwa siri, na ushahidi wao ni wewe, umesimama mbele ya ukumbi mzima unauliza kwani wanamwona mwingine.

Kama huitaki, nenda kwenye hiyo kamati ukaseme hivi: mimi ni mgeni, nilikuja kumzika kaka yangu, anayelima hapa ni mjane. Basi. Usiongeze hata punje ya chumvi. Usikohoe.

Mwanao.


Ploti ya 47
Tarehe 30 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima kwa namna ya watu wazima. Mguu wa mama yako umepungua. Mahindi yamebeba vizuri mwaka huu, hata aibu.

Barua yako niliisomea kwenye mahindi, nimechuchumaa, kisha nikakaa huko huko. Siitaki ploti. Ningekuwa mtu wa kutaka vitu vya kaka yangu ningeanza na viatu vyake, na viko chini ya kitanda mpaka leo. Ilikuwa tamu tu kuitwa. Wewe huwezi kujua, umesoma, wanakuita kwa jina lako kila siku.

Kamati ilikaa kwenye ghala la kupimia magunia. Mizani ilikuwa bado inaning'inia juu ya vichwa vyao. Mwenyekiti katikati, Meneja kulia, Mkaguzi kushoto. Watu walijaa mpaka madirishani. Walipoita namba sikuitika. Nilikaa juu ya mikono yangu. Mama yako akasema "Abee," kwa sauti ndogo, na Mwenyekiti akasema, "Hatujakuita wewe mama, tunamwita yule."

Nikasimama. Nikasema ulivyoniambia. Mimi ni mgeni, nilikuja kumzika kaka yangu, anayelima ni mjane. Sikukohoa.

Tisini, yule mlevi, akasema kutoka dirishani, "Leo amepungua uzito." Watu wakacheka. Nikaendelea kusimama.

Mwenyekiti akauliza, "Kwa hiyo wewe si mwenye ploti?"

"Si mimi."

"Ni nani?"

"Mjane."

Akamtazama Meneja, Meneja akatikisa kichwa. Mwenyekiti akasema, "Mjane hayumo kwenye ugawaji. Mwingine?"

"Kuna binti yake."

"Anakaa hapa?"

"Yuko kazini ng'ambo. Anatuma matumizi."

"Kanuni inataka mrithi akae na alime. Kutuma si kulima."

Kisha akavua kofia, akajikuna, akasema polepole kama mtu anayemsomea mtoto. Kama mimi ndiye mwenye ploti, maana yake marehemu aliuza bila kibali, mradi unaichukua. Kama si mimi, maana yake haina mtu, mradi unaichukua. "Sikuitunga mimi, mzee. Nimeikuta."

Nilitafuta neno, binti yangu. Unanijua, sijawahi kukosa neno. Nililitafuta kila mahali.

Mama yako akanyanyuka akishikilia bega la Mama Arobaini na Nane. Akasema, "Nimeng'oa visiki vya shamba lile nina mimba ya huyo binti mnayesema hakai. Nikitoka, nani atayaambia yale mahindi kwamba mimi si mtu?" Hapakuwa na aliyecheka. Mwenyekiti akasema, "Mama, sikatai. Nasema kanuni." Akawa hajui atazame wapi, akanigeukia mimi. "Na wewe mgeni, una kwako?"

Watu wote wakanitazama. Tisini pale dirishani anang'ata kijiti, anangoja.

Nikasema, "Ninako. Ng'ambo ya mto. Shamba la michungwa."

Mwenyekiti akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia. "Basi afadhali. Shemeji yake ana kwake, mjane hatalala nje." Meneja naye akaitikia kwa kichwa, nikaona anafurahi kweli, hakuwa anajifanya. Wakasema tuvune kwanza, kisha tukabidhi nyumba.

Usikate tamaa. Nitakata rufaa. Kuna mtu namfahamu, dereva wake aliwahi kumwendesha waziri.

Baba yako mdogo.


Tarehe 21 Septemba

Baba mdogo, shikamoo.

Kwanza unisamehe kwa barua ya Juni. Nilikuandikia kama mtu wa mbali. Umesimama ukasema nilichokuomba mbele ya watu wanaokucheka, na najua kwako hilo lilikuwa zito kuliko kubeba jiwe.

Nimefanya nilichoweza. Nimeandikia shirika la wanasheria wa bure. Wamejibu vizuri, na kwa heshima, kwamba rufaa ipo, lakini lazima ikatwe na msimamizi wa mirathi, na msimamizi anawekwa na mahakama. Na mahakama inataka hati. Niliisoma barua yao nimesimama mbele ya mashine. Shuka likapita, likapita jingine, yakaanza kujikunja kwenye silinda ya kunyooshea mpaka mashine ikazima. Msimamizi wa kazi akaja. Nikamwomba ruhusa ya kwenda nyumbani mara moja tu, nikalale pale, nilime hata tuta moja Mkaguzi anione. Akasema ananihurumia, yeye pia ana mama. Kisha akasema mkataba ni mkataba.

Hapa kila mtu ananihurumia, baba mdogo. Na huko nako kila mtu anawahurumia nyinyi. Sijui ni nani basi anayefanya.

Naona limebaki moja. Ulipotaja shamba la michungwa nililia, lakini kwa nafuu. Nililisahau kabisa. Nikiwa mdogo ulikuwa unakuja na machungwa kwenye kofia, unayamwaga sakafuni, mimi na baba tunayakimbiza chini ya kitanda. Ulituambia michungwa inaanzia mtoni mpaka jicho linapochoka. Mpeleke mama huko. Najua hapendi kuhama, najua ni kwa shemeji, watu watasema. Waseme. Ni ardhi ya mtu, si ya mradi, hakuna atakayekuja na misumari mlangoni. Mjengee chumba upande wa jua kwa ajili ya magoti. Nitatuma ya bati.

Niambie tu njia, niwe naifuata kichwani nikilala.

Mwanao.


Tarehe 2 Novemba

Baba mdogo, shikamoo.

Hujajibu. Mavuno yamekwisha sasa, nahesabu kwa mvua za huko. Mmeshavuka mto? Kule posta yenu ni ipi? Barua hii naituma kwa Mama Arobaini na Nane awafikishie.

Kama umechoka kuandika, chora tu nyumba, mlango uangalie upande ambao mama amekaa.

Mwanao.


Nyuma ya mashine ya kusaga, sokoni
Tarehe 5 Januari

Mwanangu,

Mama yako hajambo. Nimeanza na hilo ujue.

Barua zako zote mbili nilizipata. Ya Septemba nilimsomea yote ila mwishoni. Hapo nilisema mwandiko umefifia.

Tulikabidhi nyumba baada ya kuvuna. Aliyepewa ni kijana mmoja na mkewe na mtoto mchanga, walikuwa kwenye foleni ya kupewa ardhi tangu hawajaoana. Nilijiandaa kumchukia. Nilishapanga na maneno. Akaja na baiskeli, akaiegesha mbali na ua, akamwamkia mama yako kwa kupiga goti, akasema hatalima kaburini, ataliacha na nafasi yake. Mkewe akaomba aonyeshwe mahali pa kuwashia moto pasipoingiza moshi ndani. Mama yako akamwonyesha. Akamwonyesha na dirisha linalokwama, kwamba unalisukuma kwa chini kwanza. Kisha akafagia ua wote, mpaka mpakani. Nikamwambia shemeji, unafagilia nani? Akasema, "Sikuuacha mchafu siku yoyote, nianze leo?"

Tukafunga mizigo. Akakaa juu ya godoro lililofungwa kamba, akaniuliza, "Njia ya mtoni ni ipi, shemeji?"

Nikatangulia na mkokoteni. Yeye nyuma, anachechemea. Njiani nilimsimulia habari nyingi, sikumbuki hata moja. Tulipofika pale barabara inapogawanyika, moja ya mtoni na moja ya sokoni, nikasimama. Nikasema tupumzike. Tukapumzika. Magari ya magunia yakapita. Nikasema labda tupumzike sokoni, kuna mtu namfahamu mwenye mashine ya kusaga. Mama yako akanitazama. Akashika mpini wa mkokoteni upande mmoja, tukaugeuza pamoja kuelekea sokoni.

Tumepewa chumba cha nyuma. Si kibaya. Mashine ikiwaka ukuta unatetemeka na vikombe vinasogea vyenyewe mezani, mama yako ameanza kuvipanga katikati. Unga unaingia kila mahali, jioni sote wawili tuna mvi mpya. Yeye anawapepetea watu mahindi kabla ya kusaga, amekaa kwenye kigoda, mguu kaunyoosha. Wateja wanampenda, wengine wanasubiri zamu yake. Ua wa mashine anaufagia yeye, ingawa si kazi yake. Mimi nimeajiriwa hapa hapa kama mkuu wa usalama wa eneo zima. Yaani ninalala barazani.

Kwenye mradi nimerudi mara moja. Meneja hakuwepo. Karani wa mahakama, yule wa miwani ya uzi, nilimkuta kituo cha basi, nikamuuliza kama mtu mmoja angesema neno jingine siku ile ghalani ingesaidia. Akasema hapana, mzee, isingesaidia, kanuni ni ile ile. Nikamuuliza ana hakika? Akasema ana hakika. Basi lake likaja. Jibu lake nalirudia rudia kichwani kila siku, na kila siku naona Mwenyekiti akishusha ile pumzi.

Mama yako hajaniuliza tena njia. Hata wateja wakitaja mto anabadilisha ungo mkononi, anaendelea. Kwa hiyo wewe ndiye unayeuliza peke yako, na umeuliza mara mbili, na usitume ya bati.

Kuna shamba kweli ng'ambo ya mto, na michungwa ipo kama nilivyosema. Ni la mtu mwingine. Mimi nilikuwa nafukuza ndege. Yale machungwa ya kofiani nilikuwa naokota yaliyoanguka.

Baba yako mdogo.